Maswali ya Wasomaji: Hewa ya Kiyoyozi Imfikie Mtu Alipo

Barua za safari hii zimetoka Mwanza na mwambao wake, na karibu zote zinahusu difyuza, yaani vile vifuniko vya darini vinavyomwaga hewa ya kiyoyozi chumbani. Mhandisi wetu amezijibu kwa urefu tofauti, kila moja kwa kadiri ya uzito wake.

Ndugu Mhandisi, salamu. Ninasimamia jengo la ghorofa nne katikati ya jiji, na ghorofa ya pili tumeipangisha kwa taasisi ya mikopo yenye watumishi wapatao 40. Tangu wahamie, wanaokaa katikati ya ukumbi huja kazini na masweta, ilhali wanaokaa dirishani upande wa ziwa hulalamikia joto kuanzia saa nane mchana. Dada wa mapokezi amefikia hatua ya kubandika kipande cha boksi kwenye difyuza iliyo juu ya kichwa chake. Fundi anashauri tufunge mashine kubwa zaidi. Je, tukubali?
*Msimamizi wa jengo, Nyamagana*

Ndugu Msimamizi, nakuomba usinunue mashine yoyote kwa sasa. Kama mashine uliyonayo ingekuwa ndogo, ukumbi mzima ungekuwa na joto. Panapokuwa na watu wanaotetemeka na wengine wanaotokwa jasho chini ya dari moja, maana yake ni kwamba baridi ipo ya kutosha ila haifiki inakotakiwa. Mashine kubwa itawazidishia baridi wale wa masweta, na wale wa dirishani watabaki walivyo.

Tuanze na kazi ya difyuza yenyewe. Hewa hutoka kwenye dakti, yaani njia ya kusafirishia hewa iliyo juu ya dari, ikiwa na nyuzijoto 13 hadi 15, na hewa ya namna hiyo haifai kumgusa mtu moja kwa moja. Difyuza nzuri huisukuma ikiambaa chini ya dari, na kwa kuwa mkondo wenye kasi hupenda kushikamana na uso ulio karibu nao, jambo ambalo wahandisi huliita kwa jina la Mromania Henri Coandă, hewa hiyo husafiri mita kadhaa huku ikivuta hewa ya chumba na kuchanganyika nayo. Inapoanza kushuka huwa imepungua kasi na imepata joto kidogo. Kinachomfikia mtu ni mchanganyiko huo. Vipimo vinavyofuatwa na wengi ni kwamba katika eneo la watu, kuanzia sakafuni hadi urefu wa mita 1.8, hewa isizidi kasi ya takriban mita 0.25 kwa sekunde, na tofauti ya joto kati ya kichwa na kifundo cha mguu cha mtu mmoja isizidi nyuzi 3.

Sasa mtazame dada wa mapokezi. Hewa inayomwangukia kichwani imeachana na dari kabla ya wakati wake, na sababu kubwa huwa ni tatu. Huenda kuna boriti ya zege inayojitokeza chini ya dari karibu na difyuza, mkondo ukaigonga na kuelekea chini. Huenda difyuza mbili zimewekwa karibu mno zikitazamana, mikondo yao ikakutana katikati na kushuka pamoja juu ya meza. Au huenda hewa inayofika kwenye difyuza hiyo ni kidogo kuliko ile iliyokusudiwa, kwa sababu bomba laini la kukunjika limebanwa juu ya dari, na hewa baridi isiyo na msukumo hudondoka tu. Sababu ya tatu ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi zaidi, na ndiyo rahisi kuirekebisha, kwani inatosha kufungua kigae kimoja cha dari na kulinyoosha bomba. Kipande cha boksi, kwa upande wake, hakiondoi tatizo: hewa iliyozuiwa upande mmoja hutoka kwa kasi zaidi upande mwingine, na jirani yake ataanza kulalamika.

Suala la dirishani ni zito zaidi. Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, na kuta zinazoumia ni za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri. Upande wenu wa ziwa ni magharibi. Vioo vyake hupokea jua la moja kwa moja kuanzia hiyo saa nane hadi machweo, wakati sehemu ya katikati haina joto jingine isipokuwa la watu, taa na kompyuta. Aliyechora aligawa difyuza sawasawa kama vigae vya sakafu, akaipa kila meta ya mraba hewa ileile. Mchoro wa namna hiyo hupendeza machoni, lakini joto haliingii sawasawa.

Ukanda wa mita 3 hadi 4 kutoka kwenye vioo unapaswa kuwa na tawi lake la dakti, difyuza zake na themostati yake, yaani kile kifaa kinachopima joto na kuiamuru mashine ifanye kazi au ipumzike. Pale dirishani zinafaa difyuza ndefu za mfereji zinazosambaa sambamba na kioo, zikipuliza kuelekea kwenye kioo ili hewa baridi ikutane na joto pale linapoingilia. Themostati ya sasa nayo ikaguliwe. Nikiambiwa imefungwa kwenye nguzo ya katikati nitaelewa kwa nini mashine hupumzika wakati watu wa dirishani wanateseka, na ikiwa imefungwa chini ya difyuza hali ni mbaya zaidi. Mkiweza pia kuweka vivuli vya nje juu ya vioo, fanyeni hivyo, kwa kuwa jua lililozuiwa nje halihitaji hewa ya kulipooza ndani.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, fanya jaribio hili siku ya Jumamosi ofisi ikiwa tupu, baada ya kumjulisha anayehusika na kengele ya moto. Washa kiyoyozi kama kawaida na uache kifanye kazi kwa nusu saa. Chukua kijiti cha udi, kishike kwa ngazi sentimita 10 chini ya dari, hatua moja kutoka kwenye difyuza, na utazame moshi unavyokwenda. Moshi unaoambaa dari hadi mbali ni dalili njema. Moshi unaopinda chini kabla ya kufika meza ya pili unakuonyesha mahali penye kasoro. Rudia kwenye kila difyuza na uweke alama kwenye mchoro wa ghorofa, kisha keti kwenye kila kiti chenye malalamiko, shika udi usawa wa shingo, na uangalie kama moshi unapanda wima au unalala. Mchoro huo wenye alama utamsaidia fundi kuliko maelezo ya mdomo ya watu 40.

Jambo la mwisho kwako: uliza kama mpangaji alijenga vyumba vya patisheni baada ya kuhamia. Wengi hufanya hivyo, na chumba cha meneja hubaki na difyuza mbili bila njia ya hewa kutoka, huku chumba cha jirani kikibaki bila difyuza hata moja. Hewa isiyo na mahali pa kutokea haiingii. Grili ya kupitishia hewa juu ya mlango, au nafasi ya sentimita 2 chini ya mlango kwa chumba kidogo, hurekebisha mengi.

Mhandisi, shikamoo. Mimi ni fundi kijana wa viyoyozi, Nyegezi. Nimepewa ukumbi wa ofisi wa mita 12 kwa 18, dari lina urefu wa mita 2.8, na nimeambiwa nipange difyuza za mraba. Naomba kuelekezwa namna ya kupata idadi na nafasi bila kubahatisha.

Marahaba, kijana wangu. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla dari halijafungwa.

Anza na joto, usianze na idadi. Tuseme umekadiria joto la ukumbi, bila kuhesabu unyevu, kuwa wati 100 kwa kila meta ya mraba. Hiyo ni namba ya mfano. Ya kwako itategemea vioo, watu na vifaa. Eneo ni meta za mraba 216, hivyo joto ni kilowati 21.6. Ukipeleka hewa iliyo baridi kuliko chumba kwa nyuzi 10, vitabu vingi vitakupa lita 1,800 za hewa kwa sekunde. Hapo ndipo watu wa kwetu huponzwa. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari, na Mwanza iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,140, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13. Lita moja ya hewa ya hapa hubeba joto dogo kuliko lita moja ya Dar es Salaam. Kwa hiyo unahitaji karibu lita 2,060 kwa sekunde kufanya kazi ileile. Ukiagiza feni kwa namba ya Dar es Salaam, ukumbi utapungukiwa, na utalaumiwa kwa mashine ambayo haina kosa.

Sasa gawa ukumbi. Safu 3 kwa 4 zinakupa difyuza 12, kila moja ikihudumia mstatili wa mita 4 kwa 4.5 na kutoa lita 170 hivi kwa sekunde. Pima umbali kutoka katikati ya difyuza hadi ukutani, au hadi nusu ya njia kuelekea difyuza ya jirani. Kwako ni mita 2 upande mmoja na 2.25 upande mwingine. Halafu fungua katalogi ya mtengenezaji utafute masafa ya mpulizo, yaani umbali ambao mkondo husafiri mpaka kasi yake ishuke kufikia mita 0.25 kwa sekunde, kwa ujazo huo wa lita 170. Gawa masafa hayo kwa umbali ulioupima. Majedwali ya chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, ASHRAE, yanaonyesha kwamba difyuza za mraba zenye mapezi huchanganya hewa vizuri sana jibu likiwa kati ya 1.4 na 2.7, ilhali difyuza za duara za darini hufanya vizuri zaidi jibu likiwa karibu na 0.8. Kama katalogi yako inasema mita 4, jibu ni 2 upande mmoja na karibu 1.8 upande mwingine, na hapo unaweza kuendelea bila wasiwasi. Usichukue kanuni ya duara ukaitumia kwenye mraba. Nimeona michoro mingi iliyoharibika kwa sababu hiyo.

Ungeweza kuweka difyuza 6 badala ya 12 na kuokoa fedha za dakti. Kila moja ingetoa lita 340 na zaidi, na kupitia shingo ya milimita 300 hewa ingekwenda kwa kasi inayokaribia mita 5 kwa sekunde, kelele ambayo watu wa ofisini huisikia kutwa nzima. Kumbuka pia kwamba namba ya kelele iliyo kwenye katalogi ni ya difyuza moja, na mbili zilizo sawa zikiwa pamoja huongeza desibeli 3. Dampa, yaani kile kibati cha kurekebishia ujazo wa hewa, iweke mbali, pale tawi linapoachana na dakti kuu, usiiweke kwenye shingo ya difyuza ambako kila ukiibana italia. Na bomba laini liingie kwenye shingo likiwa limenyooka, kwa sababu kona kali hapo huifanya hewa itoke upande mmoja zaidi ya mwingine, na hesabu yote tuliyoifanya hupotea.

Ukisha kupanga, chukua mchoro wa taa, wa vigunduzi vya moshi na wa boriti uviweke juu ya wako. Kigunduzi cha moshi kikae angalau mita moja kutoka kwenye difyuza, kwani mpulizo unaweza kuufukuza moshi usikifikie. Hili ni suala la uhai wa watu, na mwenye jengo asikushawishi vinginevyo kwa ajili ya mpangilio wa vigae. Ukumbi wako ukiwa na vioo vya magharibi, soma tena jibu nililompa Ndugu Msimamizi kabla ya kugawa lita hizo sawasawa.

Ndugu Mhandisi, nina mgahawa Kirumba, tunauza sato na sangara wa kukaanga. Difyuza iliyo karibu na mlango wa kuingilia hudondosha maji juu ya meza ya keshia, hasa miezi ya mvua, na zote zimezungukwa na weusi darini. Fundi wa kwanza alisema kiyoyozi kinavuja. Wa pili alisema dakti ni chafu.
*Mama mwenye mgahawa*

Pole, mama. Maji hayo yanatokana na hewa ya nje. Hewa yenye nyuzijoto 27 na unyevu wa asilimia 65 huanza kutoa umande juu ya kitu chochote chenye nyuzijoto zisizofika 20, na bati la difyuza yako liko chini ya hapo. Swali la kujiuliza ni kwa nini hewa ya nje inaingia kwa wingi hivyo, na nashuku jibu liko jikoni. Feni ya kutolea moshi wa kukaangia hutoa hewa nyingi kila sekunde, na kama jikoni hapana mahali pa kuingizia hewa ya kufidia, itavutwa kutoka ukumbini, na ukumbi nao utaivuta kupitia mlango wa wateja. Simama mlangoni wakati wa chakula cha mchana, mlango ukiwa wazi kidogo, na uweke kitambaa chepesi kwenye upenyo. Kikivutwa ndani kwa nguvu, fungua njia ya hewa jikoni kwanza. Baada ya hapo, mwambie fundi afunike mgongo wa difyuza kwa kizuia joto kisicho na nyufa, na kama bado inatoa jasho, aihamishe mita chache kutoka mlangoni. Akiwa hapo, ahakikishe hakuna difyuza ya mraba ndani ya mita 3 za kofia ya moshi iliyo juu ya jiko, kwa sababu mpulizo wake huuvunja moshi na kuusambaza kwa wateja.

Weusi wa darini kwa kawaida hautoki kwenye dakti. Mkondo wa difyuza huvuta hewa ya chumba na vumbi lake, na katika mgahawa vumbi hilo limechanganyika na mafuta, kisha huligandisha darini. Jiko likidhibitiwa na sakafu ikisafishwa vizuri, weusi utapungua.

Kanisa letu Igoma lina paa la bati lenye urefu wa mita 8 na waumini 500. Je, difyuza zikae darini kama za ofisini?

Hapana. Kwa urefu huo mngekuwa mnapooza hewa iliyo juu ya vichwa, na joto la bati pamoja nayo. Wekeni nozeli, yaani midomo myembamba inayorusha hewa mbali, kwenye kuta za pande mbili, kwenye urefu wa mita 3.5 hadi 4, zikielekezwa juu kidogo kwa sababu hewa baridi hushuka njiani, na joto la juu liacheni litoke kupitia matundu ya karibu na kilele cha paa. Mtu aliyekaa kimya hutoa joto la wati 100 hivi, kwa hiyo mzigo mkubwa ni waumini wenyewe, na washeni mapema kabla ibada haijaanza. Msisahau hewa safi: kiyoyozi cha kawaida cha ukutani huzungusha hewa ileile, na uchovu wa ibada ya pili mara nyingi hutokana na hilo.

Tunajenga hoteli ufukweni, Ilemela. Mshauri wetu anasisitiza grili za kurudisha hewa zilingane kwa idadi na difyuza. Pia tunaomba ushauri kuhusu wadudu wa ziwani.

Idadi si lazima ilingane. Mshumaa ulio hatua moja mbele yako huzimika ukiupuliza, lakini ukivuta pumzi hautikisiki, na grili ya kurudisha hewa iko katika hali hiyohiyo: nguvu yake huishia sentimita chache tu mbele yake. Kwa hiyo hewa ya chumba huongozwa na difyuza, na grili chache kubwa zisizopiga kelele zinatosha. Angalieni tu zisiwe kwenye njia ya mpulizo wa difyuza, hewa baridi ikarudi kwenye mashine kabla ya kuhudumia mtu, na kama mnaweza kuchagua, ziwekeni karibu na vyanzo vya joto.

Kuhusu wadudu, swali lenu ni muhimu kuliko linavyoonekana. Wakitanda kutoka ziwani kama wingu la moshi, hujaza vyavu vya kuingizia hewa safi na mapezi ya mashine za nje kwa usiku mmoja. Hewa ikipungua kwenye dakti, masafa ya mpulizo hufupika, na difyuza iliyokuwa ikiambaza hewa vizuri huanza kuidondosha juu ya vitanda na meza. Elekezeni matundu ya kuingizia hewa upande usiotazama ziwa, msiweke taa yoyote karibu nayo kwa kuwa wadudu hao hufuata mwanga, na mtangulize wavu mpana unaotolewa kwa mkono bila ngazi kabla ya chujio lenyewe. Siku mtakapokabidhiwa jengo, dai orodha ya ujazo wa hewa uliopimwa kwenye kila difyuza, chumba kwa chumba, na muitunze kwa mhandisi wa matengenezo, ili baada ya kila msimu wa wadudu apime upya na kuona chumba gani kimepungukiwa.